Jirani yangu Mwislamu ndiye shoga yangu: nimshuhudieje bila kumpoteza?

SWALI: "Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, nauza mboga kwenye genge hapa Tanga. Nyumba niliyopanga nakaa na mama mmoja Mwislamu, huu mwaka wa sita. Ndiye shoga yangu. Mwanangu alipofariki mwaka juzi, yeye ndiye aliyenipikia na kulala nami matangani. Sasa kanisani tumehubiriwa kwamba kila Mkristo lazima ashuhudie, na tusipowaonya jirani zetu damu yao itadaiwa mikononi mwetu. Tumepewa na fomu ya kuandika majina ya watu watano tutakaowaleta kwa Yesu kabla ya Pasaka. Mimi si msemaji, na Biblia naijua kidogo. Mwezi uliopita nilipokuwa namrudishia bakuli lake nilitia kijitabu cha Injili chini ya maandazi, sikusema kitu. Tangu siku hiyo amepoa. Salamu anaitikia, ila haji tena kukaa nami barazani. Binti yake wa miaka kumi bado anakuja kwangu kusikiliza kwaya kwenye simu, na ananiuliza maswali kuhusu Yesu. Niendelee au ninyamaze? Usiku silali vizuri nikiifikiria hiyo damu."

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Pole kwa mwanao. Miaka miwili ni jana kwa mama. Kazi yangu ni kuwafundisha wainjilisti na waumini wa kawaida namna ya kusema imani yao kwa watu wanaoishi nao, na maswali kama lako nayapata mara nyingi, hasa kwetu huku pwani ambako Mkristo na Mwislamu wanachota maji bomba moja. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: damu, bakuli, na mtoto. Naanza na damu kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi, na kwa sababu naamini ndiyo iliyokusukuma kufanya lile la bakuli.

Maneno yale yanatoka Ezekieli 33. Mungu anasema na nabii aliyemweka kuwa mlinzi wa nyumba ya Israeli wakati Yerusalemu iko kwenye vita. Katika sura hiyohiyo anafika mkimbizi na habari kwamba mji umepigwa. Mlinzi aliamriwa kupiga tarumbeta akiona upanga unakuja. Hakuulizwa wangapi waliamka na wangapi waligeukia upande wa pili wakaendelea kulala. Kwa hiyo hata ukilichukua andiko lile kwa uzito wake wote, halimpi mtu mzigo wa kugeuza moyo wa mwenzake. Petro naye, akiwaandikia Wakristo wa kawaida waliokuwa wachache katikati ya watu wa imani nyingine, hakuwatisha kwa damu. Aliwaambia wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, lakini kwa upole na kwa hofu. Hiyo ni 1 Petro 3:15, na ningependa uisome polepole, kwa sababu ina mambo mawili ambayo mahubiri ya kutisha huyaruka: kwamba mtu ameuliza, na kwamba jibu lina adabu.

Nakueleza haya kwa sababu hofu ina tabia yake. Mtu mwenye hofu ya kudaiwa hutafuta kulipa haraka deni limtoke. Hapo ndipo tunapoacha vijitabu kwenye viti vya daladala, tunapomhubiria mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani akatupisha, tunapotia Injili chini ya maandazi na kuondoka bila neno. Sikulaumu hata kidogo. Lakini jiulize kwa ukweli: siku ile ulikuwa unamtua nani mzigo, yeye au wewe?

Sasa bakuli. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, unalijua hilo kuliko mimi. Akikuletea mchuzi wa samaki, wewe utamrudishia vitumbua, au hata ndimu mbili tatu, na humo ndani kuna maneno ambayo hayasemwi: tuko pamoja, sina kinyongo nawe. Tena kwa mama wa Kiislamu kula cha jirani Mkristo ni kumwamini. Anakula kwa sababu anajua nyama umeinunua bucha ambako mnyama amechinjwa kwa utaratibu wao, na sufuria yako haijapikiwa nguruwe. Imani hiyo mmeijenga kwa miaka sita. Alipoinua maandazi akakuta kijitabu, nadhani hakuona Injili. Aliona chambo. Akaanza kurudi nyuma na kuhesabu: yale maandazi ya Idi, ile pilau ya Krismasi, zile siku nilizolala matangani kwake, kumbe ananiwinda? Huenda hakufikiri hivyo hasa, lakini ukimya wake unafanana na wa mtu aliyefikiri hivyo. Kilichomuumiza, kwa maoni yangu, ni kufichwa. Kutajwa kwa Yesu si kitu kigeni kwake. Waislamu wanamheshimu Nabii Isa, wanaamini alizaliwa na bikira, na Qurani ina sura nzima yenye jina la Mariamu. Ungemwambia mbele ya uso wake, "Shoga, hiki kitabu nakipenda, nikupe?" angeweza kukataa huku anacheka na jioni mkakaa barazani kama kawaida.

Kwa hiyo kabla ya neno lolote jingine la imani, nenda ukatengeneze hilo. Nenda mikono mitupu, usibebe chakula safari hii. Mwambie umekosea kuweka kitabu kimyakimya, kwamba chakula chako ni chakula tu na urafiki wako hauna sharti. Usijitetee, usianze kueleza kilichoandikwa humo. Akitaka kukurudishia kitabu, kipokee.

Nimekutana na Wakristo wengi ambao wakifika hapa hugeukia upande wa pili kabisa. Wanasema, basi mimi nitaishi vizuri tu, matendo yangu yatasema. Mimi sikubaliani nao. Matendo mema yanasema kitu kimoja, kwamba wewe ni mtu mwema, na jirani yako naye ni mtu mwema: si ndiye aliyelala nawe mkekani wakati jamaa wengine wamesharudi makwao? Ukarimu wake haukukufanya wewe uijue Qurani, na wako hautamwambia yeye Yesu alisulubiwa kwa nini. Lazima siku moja maneno yawepo. Swali ni maneno gani, na lini.

Watu hudhani maneno hayo ni ya mjadala. Tanga tumeona mihadhara ya kutosha, huyu ameshika Biblia, yule ameshika Qurani, spika zimeelekezwa mitaani, na kila upande unarudi nyumbani ukisema umeshinda. Siiungi mkono, iwe ya upande wetu au wa wenzetu. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hutafuta jibu la kurudisha kesho. Hapati nafasi ya kujiuliza kama alichoambiwa ni kweli. Wewe unayesema si msemaji usione umepungukiwa. Yule mtu wa Yohana 9 aliyezaliwa kipofu aliulizwa na wasomi maswali ya dini ambayo hakuyaweza, akawajibu lile moja alilolijua: alikuwa kipofu na sasa anaona. Na yule aliyetolewa pepo katika Marko 5 alipotaka kupanda chomboni na Yesu alikatazwa, akaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake awaeleze jinsi Bwana alivyomrehemu. Hakupelekwa chuo kwanza.

Tena angalia imani inavyosafiri hasa. Matendo 11 inaeleza jinsi kanisa la Antiokia lilivyoanza: watu waliokimbia mateso, ambao hata majina yao hayakuandikwa, walianza kusema na Wayunani habari za Bwana Yesu. Barnaba na Paulo walifika baadaye, wakakuta watu wameshaamini. Upande wa pili nakupa mfano wa jirani zetu wa Bagamoyo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale 1868. Walikomboa watumwa, wakajenga kijiji, shule na mashamba, na kutoka hapo Ukatoliki ukaenda bara. Kumkomboa mtu utumwani ni kazi ambayo hakuna anayeweza kuidharau. Lakini mji wenyewe wa Bagamoyo, uliokuwa hatua chache tu kutoka uzio wa misheni, ulibaki wa Kiislamu. Sababu ni nyingi. Mojawapo, nionavyo, ni kwamba Ukristo ulikuwa na kijiji chake na watu wake, na mwenyeji wa mjini hakuwa na Mkristo wa kukaa naye uani, wa kumuuliza swali usiku taa imeshazimwa. Wewe una hicho ambacho misheni kubwa haikuwa nacho. Unaishi chumba cha pili.

Na swali uliulizwa, au nadhani uliulizwa. Sijawahi kuona msiba ambao mtu aliyelala na mfiwa hakumuuliza siku moja, kwa maneno haya au mengine: wewe unawezaje kusimama? Wengi wetu hujibu, "Ni Mungu tu," tukanyamaza, kwa sababu machozi yako karibu. Kama jambo hilo lilipita kati yenu, hapo ndipo pa kurudi, siku nyingi baada ya kutengeneza la bakuli, mkishazoeana upya. Mnakuna nazi, yeye mbuzi yake na wewe yako, watoto wako nje. Unaweza kusema hivi: "Shoga, kile kipindi cha msiba uliniuliza nguvu napata wapi, nikakujibu kwa mkato. Siku ukiwa na nafasi ningependa kukujibu vizuri. Kama hutaki, si neno." Halafu endelea kukuna nazi yako. Akisema, "Haya, niambie," mwambie ya kwako mwenyewe kwa dakika chache. Ulikuwaje siku ile ya maziko. Ulimwomba Yesu nini usiku. Kama kuna siku ulimkasirikia Mungu, iseme pia. Ukiificha atajua, alikuwepo. Kisha kwa nini unaamini kwamba Yesu alikufa na kufufuka, na kwamba kwa sababu hiyo mwanao hajapotea. Ishia hapo. Usimalize kwa "je, na wewe uko tayari?" Muulize yeye alipitaje misiba yake, na usikilize kwa masikio yote mawili, bila kutafuta mahali pa kumkatiza.

Akikuuliza kwa nini mnasema Mungu ana mtoto, na hilo huulizwa karibu kila mara, usitaharuki. Mwambie Wakristo hawaamini kwamba Mungu alioa au alizaa kama binadamu azaavyo. Hilo kwetu nalo ni kufuru. Tunaamini kwamba Neno wa Mungu, aliyekuwako kwa Mungu tangu mwanzo, alifanyika mtu, na tunamwita Mwana kwa maana hiyo. Wala hatuabudu miungu watatu. Hapo mtatofautiana, pia kwenye msalaba, kwa kuwa Waislamu walio wengi wanasoma Qurani kuwa inakana kwamba Isa alisulubiwa. Usiifunike tofauti hiyo kwa "wote tunaabudu Mungu mmoja, yaishe." Yeye mwenyewe hatakuheshimu ukisema hivyo. Sema, "Hapa ninyi na sisi tunaamini tofauti, na mimi naamini hivi." Usilolijua sema hulijui, utamuuliza mchungaji. Wala usimseme vibaya Mtume wake wala kitabu chake, hata kwa utani. Mbali na adabu, kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu ni kosa katika sheria zetu.

Vitu vingine navitaja kwa kupita. Kumwombea ni njia nzuri mradi umeuliza kwanza. Mama wengi wa Kiislamu watakubali dua wakiwa na mgonjwa, na ukiomba omba kifupi, kwa jina la Yesu kama uombavyo siku zote, usigeuze sala kuwa mahubiri ya kumlenga. Ukimwalika kwenye tamasha la kwaya mwambie wazi kwamba kutakuwa na mahubiri. Injili ya Luka mpe akiomba, mkononi. Mwezi wa Ramadhani muache afunge kwa amani, ukimpelekea kitu cha futari kiwe futari. Na yeye akikuita kwenye Uislamu, msikilize kwa heshima ileile unayoitaka kwake. Ana haki hiyo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inasema kutangaza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na haikusema ni kwa Wakristo peke yao.

Lakini binti yake ni jambo tofauti, na hapa nakuomba uwe mkali kwa nafsi yako. Mtoto wa miaka kumi ana mama na baba wanaomlea katika dini yao. Ukimfundisha Injili chumbani kwako mama yake akiwa hajui, umerudia lile la bakuli, ila safari hii ndani ya bakuli yumo mtoto wake. Akiuliza swali mjibu kwa ukweli na kwa ufupi: "Sisi Wakristo tunaamini hivi. Nenda kamuulize na mama." Jioni hiyohiyo mwambie mama yake: "Binti kaniuliza hivi, nimemjibu hivi, na kwaya anazisikiliza kwangu. Unapenda aendelee kuja?" Akisema hapana, ni hapana, na simu utaizima mtoto akiingia. Najua itakuuma, maana nadhani mtoto huyo anakujazia nafasi fulani nyumbani. Ndiyo sababu nimekuambia uwe mkali.

Akikataa yote, mama huyu? Basi amekataa, na wewe bado ni shoga yake. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. David Livingstone, ambaye mwili wake ulipitishwa Bagamoyo 1874 ukienda kuzikwa London, anakumbukwa kwa kuwa na mwongofu mmoja tu wa kujulikana, Sechele, mfalme wa Bakwena katika nchi tunayoiita leo Botswana. Alimbatiza 1848. Haikupita hata mwaka, mmoja wa wake aliowaacha ili abatizwe akapata mimba yake, Livingstone akamfungia meza ya Bwana na kuona kazi imeharibika. Baadaye akaondoka. Sechele aliendelea kuwafundisha watu wake Biblia na kuwaongoza katika ibada kwa miaka mingi. Aliyempanda alikuwa ameshamfuta kwenye hesabu zake.

Kuna mahali hupaswi kuwa peke yako. Akikuambia siku moja kwamba anataka kumfuata Yesu, usishangilie kwa sauti, usimtangaze kwenye maombi ya jumuiya, usimpeleke kubatizwa Jumapili ijayo. Nenda kwa siri kwa mchungaji au mwinjilisti aliyekwisha kuwalea watu wa namna hiyo, kwa sababu ndoa yake, watoto wake na wazazi wake wote wanaguswa, na yeye ndiye wa kuamua mwendo. Ukigundua anapigwa au ananyimwa matumizi, hiyo si nafasi ya kumhubiria; msindikize Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi. Akiwa mgonjwa mwombee ukitaka, lakini ahudhurie hospitali na dawa zake asiache. Vitisho vikitokea, kwako au kwake, mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema. Na wewe mwenyewe, kama baada ya haya bado unaamka usiku na mapigo ya moyo, tafuta mtu mzima wa imani ukae naye ana kwa ana. Kuna msiba wa mwanao humo ndani ambao haujaliliwa ukaisha, na kuna mtu amekuongezea deni juu yake. Huzuni ikikufikisha mahali pa kushindwa kula au kufungua genge, onana na daktari pia.

Kuhusu fomu ya watu watano, usiijaze jina lake. Siku moja mtoto ataiokota, au itasomwa kwa sauti kanisani, na mji wetu ni mdogo. Mwendee mchungaji wako siku ya kazi, wakati ambao hana haraka, umwambie kwa heshima haya uliyoniandikia mimi: bakuli, ukimya, usingizi. Wachungaji wengi hutoa fomu zile kwa nia njema na hawajapata kusikia zinavyofika nyumbani kwa mtu. Mwombe badala yake nusu saa ya kukufundisha namna ya kujibu lile swali la Mwana wa Mungu, maana hilo utalihitaji.